Viti vya Ngozi na Brashi ya Ndama

Gari lilipokuja kwetu lilikuwa na viti vyeusi. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote: mimi, mume wangu, na hata bwana aliyetuuzia, ambaye kwa miaka alikuwa akilitumia kwenda na kurudi kwenye machimbo ya jasi upande wa Makanya. Lilikuwa gari la zamani kidogo, lakini viti vyake vilikuwa vya ngozi, na jambo hilo mume wangu alimtajia kila aliyepita. "Ngozi, si kitambaa," alisema, huku akipiga paa kwa kiganja kama mtu anayesifia fahali mnadani.

Mume wangu ana duka la dawa za mifugo hapa Same mjini. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kimeshikana na duka lake, na tukitaka kuitana tunagonga ukuta. Gari tulilinunua kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe anaishi Suji, juu milimani, na macho yake yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Daktari alikwisha kusema afanyiwe upasuaji katika hospitali moja kule Moshi, ila yeye hakutaka kushuka kwa magari ya abiria. "Sioni ninapokanyaga," alituambia kwenye simu, "na watu wa siku hizi wana haraka." Basi tukajinyima, tukanunua gari.

Siku moja ya mwanzo mwanzo nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nashona vifungo kwenye shati la sare huku nikimsubiri mume wangu afunge duka. Kifungo kimoja kikaniponyoka, kikatumbukia kwenye ufa ulio kati ya kikalio cha kiti na mgongo wake. Nikapenyeza vidole, nikaupanua ule ufa. Kifungo nilikiona. Lakini niliona na kitu kingine: mle ndani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa wala jua kufika, ngozi haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Baba, njoo uone," nikamwita mume wangu. "Viti hivi si vyeusi."

Aliinama, akatazama, akainuka. "Hiyo ni gundi ya kiwandani."

"Gundi ina vinyweleo?"

"Mama, kila mtu aliyeliona gari hili ameona viti vyeusi."

"Kila mtu ameona uchafu," nikamjibu.

Hakubishana zaidi, alitoa funguo mfukoni tukaondoka. Lakini mimi tangu dakika ile sikutulia. Usafi wenyewe haukuwa ukinisumbua sana. Same ni mji wa vumbi, na anayetaka kila kitu king'ae atakufa na kitambaa mkononi. Nilichotaka ni kujua. Ningekaaje juu ya kitu kila siku bila kujua rangi yake?

Kesho yake nilichukua kitambaa chenye maji ya sabuni nikapangusa. Kitambaa kilirudi cheusi, kiti kikabaki vilevile. Nikapangusa tena, ikawa hivyo hivyo. Nikawasha tochi ya simu, nikasogeza jicho hadi pua ikagusa kiti, na hapo nikaelewa. Ngozi ina mabonde. Kwa mbali unaona kitu laini, lakini kwa karibu ni vilima na mabonde madogo kuliko tundu la sindano, na uchafu ulikuwa umejaa mabondeni. Kitambaa kilikuwa kinapita juu ya vilima tu. Ilihitajika kitu chenye nywele, tena nywele nyembamba za kushuka mle chini, ngumu kiasi cha kuchokonoa, laini kiasi cha kutojeruhi.

Ukilieleza jambo namna hiyo linaonekana jepesi. Nilianza na brashi ya kufulia nguo, nikaijaribu chini kabisa ya kiti, mahali pasipoonekana, maana hata nguo ya mteja siipigi pasi kabla ya kuijaribu upindoni. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu iliacha mikwaruzo myeupe. Nikachukua mswaki wa zamani. Kwenye mshono ulifanya kazi nzuri, uchafu ukaruka kati ya tundu na tundu, lakini nikaona nyuzi zinaanza kutoa manyoya. Mimi ni fundi. Uzi ukishatoa manyoya najua mwisho wake. Nikauacha. Nikaazima brashi ya kupakia rangi kwa jirani. Hiyo ikawa laini mno, ililala kama majani yaliyonyeshewa, ikasambaza povu bila kutoa chochote.

Jioni tulikaa sebuleni nikitazama video za watu wanaosafisha magari nchi za mbali. Lugha yao sikuijua. Mwanamume mmoja mwenye glavu alishika brashi ya mbao kwa vidole vitatu, kwa wepesi, kama anayepaka mtoto mafuta, na pembeni lilikuwepo boksi lenye picha ya farasi.

"Brashi ya singa za farasi," nikasema.

Mume wangu alicheka. "Same hii farasi utamtoa wapi? Labda punda."

"Punda hafai?"

Aliacha kucheka akafikiri, kwa kuwa swali lilikuwa limeingia kwenye kazi yake. "Nywele za punda ni fupi," alisema baadaye. "Za mkia pengine. Lakini nani atakubali umkate punda wake mkia?"

Siku ya gulio nilikwenda Hedaru kuuza sare za shule, kama ninavyofanya mara kwa mara. Hedaru ni mahali ambapo malori na mabasi husimama, na kila kinachosafiri barabara kuu huangusha kidogo pale. Nilipomaliza kuuza nikaingia kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, ambaye huuza viatu vya mtumba, kiwi, mikanda na vikorokoro vinavyokuja kwenye marobota.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu viatu."

"Natafuta brashi yenye nywele za mnyama."

Alinyanyua nyusi. Akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza, na ndani yake kulikuwa na brashi za kila namna: za viatu, za makoti, nyingine sijui zilikuwa za nini. "Hizi zote ni za mnyama," alisema kwa uhakika wa mfanyabiashara.

Nikazipitisha moja moja kwenye shavu. Nyingine zilichoma, nyingine ziliteleza. Mbili zilikuwa laini sawasawa, zote kahawia, zote za mpini wa mbao. Nikazitazama juani na bado sikuweza kuzitofautisha. Hapo nikakumbuka ninavyopima uzi: nikitaka kujua kama ni pamba au nailoni, nauchoma.

"Mzee, nikichomoa unywele mmoja mmoja nikauchoma, utakubali?"

"Unataka kunichomea duka?"

"Nje. Barabarani."

Alitoka nami, kiberiti akatoa yeye. Unywele wa kwanza ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kidogo kigumu, na moshi wake ulinuka kama mfuko wa plastiki. Wa pili ulisinyaa ukawa majivu, na harufu iliyotoka ilikuwa ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Yule mzee akainusa vizuri, akafumba macho.

"Huyu ni mnyama," alisema. "Na yule mwingine alinidanganya miaka yote hii." Kisha akarudi ndani, akaanza kuchomoa nywele za brashi nyingine zote na kuzichoma moja baada ya nyingine, akicheka peke yake. Nilizinunua zile mbili zote, nikamwacha akiwa amezitenga nyingine mafungu mawili.

Jumapili, baada ya ibada, nilianza kazi. Nilikuwa nimegundua kwamba katikati ya viti kulikuwa na vitundu vingi vidogo, vya kupitisha hewa, na nikaogopa maji yasije yakaingia kwenye sponji la ndani yakaoza. Kwa hiyo nilipiga sabuni ya maji kwenye bakuli mpaka ikafura, nikawa nachota povu tupu. Povu kidogo, brashi kwa mzunguko mdogo, kisha kupangusa kwa kitambaa laini kabla halijakauka. Brashi ilikuwa inatoa sauti kama ya mtu anayekuna mgongo wa kitoto. Povu likageuka kijivu, likawa kahawia, kisha nikapangusa. Palibaki kiraka cha ukubwa wa kiganja, rangi ya chai ya maziwa.

Nikagonga ukuta wa duka. Mume wangu alikuwa dukani akipanga chupa, akaja, akasimama mlangoni mwa gari muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

Mimi nikaendelea kusugua. Kiti cha dereva kilipokwisha alileta stuli akakaa kukitazama. Nilidhani atafurahi, lakini alikunja uso. "Sasa tutakaaje humo na vumbi hili? Kilipokuwa cheusi tulikuwa na amani."

Lakini kesho yake yeye ndiye aliyeamka na hamu. Viti vya mbele vilikuwa vimependeza na magurudumu yalikuwa yanatia aibu. Rimu zake zilikuwa na mikono mingi myembamba, na juu yake kulikuwa na udongo mwekundu wa milimani, kisha chini ya udongo huo utando mweusi ambao haukutoka kwa maji. Alichukua waya wa kusugulia masufuria. Nilisikia ule mlio nikiwa chumbani kwangu nikatoka mbio, lakini mkono mmoja wa rimu ulikuwa umekwisha kuchanwa michirizi.

"Ni chuma," alisema akijitetea.

"Ni chuma kilichopakwa rangi. Pitisha kucha uone."

Akapitisha kucha, akaisikia ile michirizi, akatupa waya pembeni. Tukakaa wote wawili chini kwenye kivuli cha gari na kuanza kuliangalia gurudumu kama watu wanaoangalia mgonjwa. Mpira wa nje ulihitaji kitu kigumu, na kwa hilo alileta kutoka dukani brashi ya kusugulia ng'ombe wa maziwa, ilifaa kabisa. Uso wa rimu ulitaka kitu laini, nikatoa ile brashi ya nailoni niliyouziwa Hedaru pamoja na ile ya nywele za mnyama. Tatizo likabaki ndani, nyuma ya ile mikono, ambako kiganja hakiingii. Mume wangu aliingia dukani tena na kutoka na brashi ndefu ya kusafishia chupa za kunyonyeshea ndama, ile yenye shingo ya waya inayopindika na kichwa cha mviringo.

"Chupa ina shingo," alisema, "na hili nalo lina shingo."

Iliingia kama iliyotengenezewa kazi hiyo. Ilizunguka mle ndani ikarudi na unga mweusi, mkavu, laini kama masizi. Aliniambia huo ni unga wa breki: pedi zikisuguana zinalika, na unga unatulia pale. Sikuwahi kujua kwamba breki inalika. Nilishika ule unga kwenye vidole nikaufikiria mlima wa Suji, zile kona, na jinsi kila gari linaloshuka linavyoacha kitu chake kidogo njiani.

Magurudumu matatu yalitoa unga mkavu. La nne, la nyuma upande wa kulia, lilitoa kitu kingine. Brashi ilirudi nzito, imeloa, na uchafu wake ulikuwa umeshikana kama ugali mweusi.

"Lami," alisema mume wangu, akaitumbukiza brashi kwenye ndoo.

"Lami ingeshika gurudumu moja tu?"

"Pengine tulikanyaga upande huo."

Nikaichomoa brashi nikanusa. Haikunuka lami, wala oili ya cherehani ambayo naijua kama harufu ya nyumbani. Ilikuwa nyepesi, inateleza vidoleni, na inanuka ukali fulani kama wa dawa. Nikalala chini kifudifudi na tochi ya simu. Kwa ndani kulikuwa na mchirizi uliolowa, na pale ulipopita, rangi ya rimu ilikuwa imeinuka malengelenge kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Kuna kitu kinavuja," nikasema. "Njoo na wewe ulale uone."

Alilala. Alipoinuka hakutaja lami tena. "Pedali ya breki imekuwa inashuka kidogo siku hizi," alisema polepole. "Nikadhani ndivyo gari lenyewe lilivyo."

Na siku iliyofuata ndiyo tuliyopanga kwenda kumchukua mama.

Tulilipeleka gari kwa fundi papo hapo, tukienda mwendo wa kutembea. Fundi alipiga jeki, akatoa gurudumu, akafungua ngoma ya breki, na mafuta ya breki yakadondoka chini. Raba ya silinda ilikuwa imekatika. Alitugeukia akiwa ameishika kidoleni kama pete iliyovunjika.

"Mlikuwa mnaelekea wapi?"

"Suji," alisema mume wangu.

Fundi alitazama milima, halafu akatutazama sisi. "Kupanda mngepanda," alisema.

Alibadilisha raba pande zote mbili, akajaza mafuta mapya, akatoa upepo kwenye mabomba, na sisi tulikaa kwenye benchi lake. Nilimwona mume wangu akijifuta viganja kwenye suruali mara kwa mara. Mimi nilikuwa nawaza jambo la ajabu: kwamba sikuwa nimetafuta ubovu wowote. Nilikuwa nauliza tu kwa nini uchafu wa huku haufanani na wa kule. Nilipofika hapo nikainuka, nikaenda kununua maji.

Tulipanda Suji siku iliyofuata. Mume wangu aliendesha taratibu kupita kawaida yake, na hakuna aliyemkosoa. Mama mkwe alikuwa ametusubiri tangu alfajiri, amevaa vizuri, kikapu chake kimejaa ndizi, tangawizi na chupa ya samli. Tulimshika mikono kumwingiza kiti cha nyuma, ambacho nilikuwa sijakifikia kukisafisha. Kabla hajakaa alipapasa.

"Hii ni ngozi," alisema. "Lakini ni ya ng'ombe gani asiyenuka?"

Njia nzima hakuacha kuipapasa. Alitusimulia kwamba alipokuwa binti walilalia ngozi, na kwamba ngozi ikikauka walikuwa wakiipaka samli na kuisugua mpaka inakuwa laini kama kitenge. "Na hii ina njaa," alisema. "Nasikia kwa vidole."

Alikaa kwetu siku kadhaa kusubiri zamu yake hospitalini, na hakuweza kukaa bure. Nilipotoka nje kwenda kukisafisha kile kiti cha nyuma akanifuata akipapasa ukuta, akaomba brashi. Nilimwekea povu nikamwongoza mkono. Nilikuwa naangalia rangi, yeye alisikiliza. Brashi ikipita pachafu ilinata, pasafi iliteleza, na aliifuata ile tofauti bila kukosea. "Hapa bado," alikuwa akisema. "Hapa tayari. Hapa umenidanganya, bado." Tulikimaliza kiti pamoja, na nilipokitazama sikuona kiraka kilichosahaulika isipokuwa upande wangu.

Asubuhi yake, hata hivyo, nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni mwa gari akiwa ameshika kiuno. Kiti cha nyuma kilikuwa kinang'aa mafuta, vumbi limeshaganda juu yake, na msafara wa sisimizi ulikuwa unapanda kutoka sakafuni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeilisha," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake, bila wasiwasi.

Ilibidi nikae chini kwa kicheko. Lakini na mimi nilitaka kujua kwa nini samli haikuingia. Nikachukua tone la maji nikalidondosha kwenye kiti: lilisimama kama shanga. Nikadondosha jingine kwenye ukanda wa kandambili zake za ngozi, likazama papo hapo likaacha doa. Nikamshika mkono, nikamgusisha yote mawili.

"Wameivalisha koti," alisema baada ya kufikiri. Alisikitika kidogo. "Basi ngozi ya siku hizi haili."

Ilituchukua asubuhi nzima, brashi na povu, kuitoa ile samli. Yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza tulikuwa wote wawili chumbani. Nesi alimwambia afumbue polepole. Alifumbua, akapepesa, machozi yakamtoka, akatazama ukuta, dirisha, kisha mwanawe aliyekuwa ameinama mbele yake. Akamtazama muda mrefu.

"Mvi hizi," alisema, "zimetoka lini?"

Mume wangu alishika kichwa chake kama mtu aliyeibiwa kofia. Nesi alicheka, mimi nikacheka, lakini yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda akashika mkono wa mama yake.

Njia ya kurudi mama mkwe alikaa mbele na kusoma kila bango kwa sauti, mengine kwa makosa. Tulipopita mji wa Mwanga aliacha mabango, akawa anaitazama milima tu. Mimi mwenyewe nikamuuliza kama ameona rangi ya viti. Aliangalia chini mara moja. "Vizuri," alisema, akarudi kwenye dirisha.

Tulimpandisha Suji macho yote mawili yalipopona. Majirani walikuwa wamekuja, makande yako jikoni, watu wanamsogelea mmoja mmoja awataje. Aliwataja wote. Kisha akaingia ndani ya nyumba yake, akatoka ameshika mdomo.

"Nyumba yangu ni nyeusi hivi?"

Tulimfuata. Kuta za jikoni zilikuwa na masizi ya miaka, na utando wa buibui ulikuwa umening'inia pembeni kama pazia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia. Alizunguka akigusa ukuta kwa kidole, akikitazama kidole, akigusa tena, na usoni mwake sikuona aibu hata kidogo. Alipofika nyuma ya mlango, pale koti lake la kanisani lilipokuwa limetundikwa, aliliinua kwa uangalifu. Chini yake ukuta ulikuwa bado una rangi yake ya zamani.

"Ulikuwa wa bluu," alisema. "Jamani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ulikuwa wa bluu."